Mkonge tuliulima sisi, kamba inatoka kwa wengine: kwa nini maendeleo ya uchumi hayakulingana duniani?

#1 Mjukuu wa Manamba

Habari za jioni, wanajukwaa.

Jumamosi iliyopita niliingia duka moja la vifaa hapa Ngamiani kununua kamba ya kufungia turubai. Nikapewa kamba ya plastiki, ya bluu, iliyotoka China. Nilipoulizia ya katani, muuzaji alisema ameacha kuiweka kwa miaka mingi kwa sababu wateja hawaiulizii. Nilitoka na ile ya bluu, lakini njia nzima nilikuwa nikimwaza babu yangu mzaa baba, aliyeletwa Tanga kutoka Kasulu akiwa kijana, akapewa namba kama wenzake wote waliosafirishwa na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, akakata mkonge upande wa Ngomeni mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, na hapakuwa na nchi nyingine mbele yetu. Mwaka huohuo Korea Kusini ilikuwa imetoka vitani miaka 11 tu nyuma, ikiuza nje nguo, mbao za plaiwudi na nywele za bandia. Leo wao wanaunda meli zinazotia nanga kwetu, na sisi tunanunua kamba ya kufungia turubai kutoka nje. Ninauliza kwa dhati: ni kitu gani hasa kinachoifanya sehemu moja ya dunia iondoke na nyingine ibaki pale ilipokuwa?

Ninaomba tusijibu kwa neno "uvivu". Kipande, yaani kadi ya kazi ya manamba (vibarua waliopewa namba), kilikuwa na siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza ngwe yake haikuandikwa. Mtu wa namna hiyo hakupewa hata nafasi ya kuwa mvivu.

#2 Bint Chumbageni

Asante kwa uzi huu, Mkuu. Nimeketi mkekani, nawasubiri wazee.

#3 Mwalimu Mstaafu wa Bombo

Mjukuu wangu, swali hili nililifundisha miaka mingi, na kila mara nilianzia kwenye ramani ya reli.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914. Zote mbili zilikuwa chini ya serikali moja, kwanza ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, lakini hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, tulipokuwa tumekwisha kujitawala, kilipokamilika kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu. Kwa takribani nusu karne, basi, mzigo wa Korogwe ulikuwa na njia rahisi ya kwenda Hamburg au London kuliko ya kwenda Morogoro. Kila reli ilikuwa mrija wake, unaotoka shambani na kuishia melini. Nchi iliyochorwa hivyo haina soko la ndani, na pasipo soko la ndani kiwanda cha kamba kitamuuzia nani?

Kuhusu Kasulu ya babu yako: Kigoma na Songea ziligeuzwa maghala ya nguvukazi. Kodi ya kichwa iliwekwa, zao la biashara halikupelekwa, na kijana aliyedaiwa kodi hakuwa na pa kuipata isipokuwa kupanda lori kuja huku. Kwa hiyo hata ndani ya nchi moja, upande mmoja ulipewa mashamba na upande mwingine ukapewa jukumu la kuzaa vibarua. Ukilielewa hilo kwa Kasulu na Tanga, utalielewa kwa Afrika na Ulaya.

#4 Mzawa wa Pangani

Ninamuunga mkono Mwalimu, na nitaongeza kwamba hata mkonge wenyewe ulianza kwa wizi. Mexico ilikataza mbegu yake kutoka nje, Mjerumani akaificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, akaileta kwetu. Utajiri wa dunia umejengwa hivyo.

#5 Mtafiti wa Mlingano

Ndugu Mzawa, hadithi ya mamba nimeisikia tangu utotoni, lakini miche ya kwanza haikupita njia hiyo. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliipata kutoka Florida, Marekani, ambako mkonge ulikuwa umekwisha kupandwa. Iliagizwa miche 1,000, ikafika 62 iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, huko kwenu Pangani. Tafadhali tuwe waangalifu katika mambo haya, kwa sababu hoja ya Mwalimu ina nguvu ya kutosha bila mamba.

#6 Mzawa wa Pangani

Nimesahihishwa, ninashukuru. Aliyenihadithia ni bibi yangu mzaa mama, na sitathubutu kwenda kumsahihisha.

#7 Nahodha wa Sahare

Kwa heshima zote kwa Mwalimu (#3), ukoloni umekuja jana tu. Tujiulize kabla ya Mjerumani hali ilikuwaje.

Misafara ya Bagamoyo na Pangani ilikuwa ya wapagazi. Kila mtu alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani, kwa sababu katika sehemu kubwa ya njia zile mbung'o waliua ng'ombe na punda. Mpagazi anakula njiani, anaugua njiani, na safari ya kutoka pwani hadi Ujiji ilihesabiwa kwa miezi. Pigeni hesabu wenyewe: ni bidhaa gani inayoweza kulipa gharama hiyo na bado ikaleta faida? Pembe za ndovu, na, Mungu atusamehe, binadamu anayetembezwa kwa miguu yake mwenyewe. Nafaka haiwezi, chuma hakiwezi, vyungu haviwezi. Wakati huo mkulima wa kando ya mto Rhine alipakia magunia kwenye mashua na maji yakambebea hadi baharini. Mto wetu wa Pangani unakupokea kwa maporomoko kabla hujafika Korogwe.

Kisha kuna homa. Marekani iliitangaza malaria kuwa imekwisha mwaka 1951, Italia mwaka 1970. Mimi mwaka jana peke yake nimepoteza safari mbili za Pemba kwa sababu mabaharia wangu walilala na homa, na mwenye mzigo hakunisubiri. Jumlisha siku za namna hiyo kwa watu wote wa ukanda huu, kwa vizazi vyote, halafu uniambie kama jiografia si kitu.

#8 Msomi wa Kange

Nahodha, maelezo ya wapagazi nimeyapenda sana, lakini jiografia haielezi kwa nini nchi zenye hali moja zimefika mahali tofauti. Botswana haina bahari, ina jangwa la Kalahari, na ilipojitawala mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Leo iko kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha juu. Mauritius ni kisiwa cha tropiki kilichokuwa koloni la miwa lililolimwa na watumwa, kisha na vibarua waliotolewa India, tena chenye malaria. Ilithibitishwa kuimaliza mwaka 1973, na kwa sheria ya mwaka 1970 ya viwanda vya kuuza nje ikahama taratibu kutoka kwenye sukari pekee kwenda kwenye nguo, utalii na benki.

Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2024 ilikwenda kwa Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, na hoja yao kuu ni taasisi: sheria, mahakama, usalama wa mali ya mtu, na kama watawala wanaweza kuzuiwa wanapotaka kuchukua jasho la wengine. Wanasema kwamba pale Wazungu walipokufa kwa wingi kwa maradhi hawakuhamia kuishi, wakaweka utawala wa kukamua tu. Pale walipoweza kuishi, walijijengea taasisi za kuwalinda wao wenyewe. Kwa maana hiyo, homa ya Nahodha na mrija wa Mwalimu vimo ndani ya maelezo hayohayo. Na kama mnataka mfano ulio wazi, angalieni Korea mbili: watu wamoja, lugha moja, mpaka uliochorwa mwaka 1945.

#9 Mwalimu Mstaafu wa Bombo

Msomi, mfano wa Korea mbili unautumia harakaharaka. Wakati wa mgawanyo huo, viwanda vizito na umeme mwingi wa maji vilikuwa Kaskazini, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wengi waliiona Kaskazini kuwa sawa na Kusini au mbele yake. Kama mtihani huu ungesahihishwa mwaka 1970, ungetangaza mshindi mwingine. Na Botswana ilipata almasi ya Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, ikiwa na watu wachache sana wa kugawana. Simnyimi kiongozi mwema sifa yake, lakini sitaki sifa hiyo ifunike almasi.

#10 Msomi wa Kange

Nimekuelewa, Mwalimu, ila almasi zimo pia Sierra Leone na Kongo, na hazikuwafikisha Gaborone. Kwa hiyo swali la nani anaishika almasi linabaki palepale.

#11 Fundi Korona

Nimesoma yote. Mimi sikusoma uchumi, nilikaa kwenye korona, yaani mtambo wa kusindika majani ya mkonge, tangu 1969 hadi shamba letu lilipofungwa, na ninayajua niliyoyaona kwa macho yangu.

Shamba letu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Vijana wengi hapa hudhani kwamba baada ya hapo watu waliacha kazi. Hapana. Tulifanya kazi zamu mbili, majani yakiingia kwa troli usiku na mchana. Kilichoharibika kilikuwa cha aina mbili. Cha kwanza, mkanda wa mashine ukikatika, zamani meneja alipeleka simu na mkanda ukaja na meli inayofuata. Baadaye ombi lilikwenda Dar es Salaam kusubiri fedha za kigeni, na korona ilisimama miezi huku majani yakikauka shambani. Cha pili ndicho kilichotuua. Mkonge ukishatoa mlingoti, lile shina refu la maua, umekwisha; lazima ung'oe na upande mwingine, halafu usubiri miaka 3 au zaidi kabla ya kukata. Sisi tulikata kila mwaka ili kutimiza lengo la tani, na upandaji ukaahirishwa kila mwaka kwa kuwa hautoi tani. Mwisho tulikuwa na mashine, tuna watu, hatuna majani.

Mnaposema taasisi, mimi ninaelewa hivyo: nani ana haki ya kusema "mwaka huu tusikate, tupande", na je, atasikilizwa?

#12 Bint Chumbageni

Shikamoo Mzee Fundi. Maneno yako nimeyasoma mara mbili.

Ninaomba niongeze jambo moja ili tusiutwishe mwaka 1967 mzigo wote. Bei ya mkonge ilianza kuanguka baada ya 1964, yaani kabla ya Azimio. Mahitaji ya dunia yalijengwa juu ya mashine za kuvunia ngano za Marekani na Ulaya, zilizofunga miganda kwa uzi wa katani. Mashine za kisasa zilipoanza kuvuna na kupura kwa mkupuo mmoja, miganda ikatoweka, na nyuzi za plastiki zilipoingia katika miaka ya 1960 zikachukua sehemu kubwa ya soko lililobaki. Hata kama shamba la Mzee Fundi lingekuwa mikononi mwa malaika, lingeuza bidhaa ambayo mnunuzi ameiacha.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kanda na kanda. Wao walikuwa wakiuza vitu vingi, kimoja kikifa hivi vingine vinaibeba nchi. Sisi mkoa mzima, kuanzia reli hadi umeme wa maporomoko ya Pangani wa miaka ya 1930, ulipangwa kuzunguka jani moja.

#13 Mtanga wa Busan

Salaam kutoka Busan, ambako niko mwaka wa tatu nikisomea uundaji wa meli. Kwa kuwa Korea imetajwa sana, ninaomba nami nichangie.

Mama mwenye nyumba ninayopanga alizaliwa vijijini katika miaka ya 1950, na ananiambia kwamba kila masika, akiba ya mchele ikiisha na shayiri haijakomaa, walikwenda mlimani kubandua maganda ya misonobari ili wayachemshe wale. Hivyo Mjukuu hakukosea kuilinganisha nchi hii na yetu. Lakini mambo matatu hayakufanana na kwetu. Serikali iligawa ardhi kwa wakulima mwaka 1950, tabaka la wamiliki wakubwa likavunjika, na wazazi waliopata shamba walilitumia kusomesha. Misaada ya Marekani ilikuwa mikubwa mno kwa sababu ya vita baridi. Na mwaka 1965 Japani, iliyoitawala Korea, ilikubali kutoa dola milioni 300 za ruzuku na mkopo wa dola milioni 200. Sehemu ya fedha hizo ilijenga kiwanda cha chuma cha Pohang, kilichoanzishwa 1968 na kuanza kutoa chuma mwaka 1973, wakati wataalamu wa nje walisema mradi huo hauna maana.

Jambo ambalo limenigusa zaidi ni namna mikopo ilivyotolewa. Mwenye kiwanda alipewa mkopo wa riba nafuu kwa sharti la kuuza nje kiasi fulani, na aliyeshindwa alinyimwa mkopo uliofuata, hata kama ana jina. Kwetu masharti huandikwa vizuri, lakini sijawahi kumsikia aliyenyimwa.

#14 Mpare wa Same

Mdogo wangu wa Busan, asante. Kwa hiyo Mkorea alilipwa na aliyemtawala, na sisi Mjerumani aliyetutawala alituachia majengo ya kupigia picha? Mwalimu, hili uliweke kwenye ramani yako.

Nikisema kwa dhati, mimi ninasimama kwenye elimu. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulianza uhuru tukiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Hata mtu angetukabidhi kiwanda cha Pohang mwaka 1961, tungekiendesha na nani?

#15 Mwalimu Mstaafu wa Bombo

Hapo nina ushuhuda wangu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulifungua milango ya shule za msingi kwa kila mtoto, na usiku nilifundisha kisomo cha watu wazima kwa taa ya chemli, nikiwashika mikono wazee waliokuwa na vidole vigumu kama mizizi kwa kazi ya panga. Waliandika majina yao. Wapo waliolia. Katika miaka michache nchi hii ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza Afrika kwa idadi ya watu wanaojua kusoma.

Na katika miaka hiyohiyo uchumi uliporomoka. Mafuta yalipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978. Watu walikuwa wanajua kusoma, na sabuni haikuwapo dukani. Sisemi elimu haina kazi, kwa kuwa ningekuwa ninayatukana maisha yangu yote. Ninasema kwamba haikutosha, na mpaka leo sijui ni kitu gani kilichokuwa kinasubiriwa kando yake.

#16 Mchungwa wa Muheza

Ninaomba tuyaache ya 1964 kidogo tuje kwenye ya mwaka huu, kwa sababu tofauti ya kanda haikutokea zamani tu. Inatengenezwa kila msimu.

Nina miti ya michungwa niliyorithi kwa baba. Msimu ukifika, machungwa yanaiva kwa pamoja, Muheza nzima. Dalali anakuja na mnunuzi mwenye lori linalokwenda Kenya, anaangalia mti, anataja bei ya mti mzima kabla hata ya kuhesabu, na ninakubali kwa kuwa wiki mbili zijazo yatakuwa chini yakiliwa na nzi. Mwaka juzi niliuza kwa bei isiyofika hata gharama ya palizi. Mwezi uleule mwanangu aliugua, nikamnunulia juisi ya machungwa ya boksi, nikasoma ubavuni: imetengenezwa nje ya nchi. Nililiweka lile boksi juu ya meza, na ninakiri kwamba nililia.

Tunda si baya na mimi si mvivu. Kilichokosekana ni ghala lenye ubaridi, kiwanda kinachonunua kwa kilo, na barabara ya kutoka shambani ambayo haikatiki mwezi wa nne. Hivyo vitatu vingekuwapo, dalali angenisalimia kwanza kabla ya kutaja bei.

#17 Nahodha wa Sahare

Pole sana, ndugu. Ya korosho ni hayohayo, maana korosho ghafi za Tanzania na za Afrika Magharibi hupelekwa Vietnam zikabanguliwe, na Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, nchi iliyoanza mageuzi yake mwaka 1986, wakati uleule na sisi tulipoanza yetu.

#18 Msomi wa Kange

Nahodha, umejipinga mwenyewe. Vietnam ina joto, ina mvua kubwa na ilikuwa na malaria. Jiografia yako ingeizuia.

#19 Nahodha wa Sahare

Vietnam ina pwani ndefu, ina mito inayopitika hadi bara, na watu wake wamekaa karibu karibu. Sijajipinga. Nenda na mashua Mto Mekong, kisha urudi ujaribu Wami.

#20 Mkulima Mdogo, Hale

Mimi ninalima mkonge ekari 8, na ninaomba niseme kuhusu mtaji, kwa kuwa mmeuzungukia bila kuugusa.

Nilikwenda benki moja hapa mkoani kuomba mkopo wa kupanda. Ofisa alikuwa na adabu, alinisikiliza, akaniuliza marejesho yataanza lini. Nikamwambia mkonge huanza kukatwa mwaka wa 3 au wa 4. Akafungua kitabu chake, akaniambia marejesho ya mkopo wa kilimo huanza ndani ya mwaka. Kisha akaomba hati ya shamba. Shamba ni la ukoo, tunalo tangu kabla sijazaliwa, na hati hatuna. Tukaachana hapo, na ekari zilizobaki ni pori mpaka leo. Halafu katika kila kilo 100 za majani ninayopeleka korona, singa (nyuzi) inayopatikana ni kilo 4 hivi, na zote nyingine zinamwagwa, ingawa zinaweza kutoa gesi na mbolea. Ninaweza kuiona fedha inamwagwa kwa macho yangu, lakini mtambo wa kuikinga unahitaji mkopo uleule ambao hauwezi kunisubiri miaka 3.

Huko kwa wenzetu mtu mwenye zao la miaka mingi anakopeshwaje? Mtanga wa Busan, au yeyote, tafadhali nijibuni, kwa maana mimi si wa kutafuta nadharia. Nina shimo la kujaza.

#21 Mtafiti wa Mlingano

Ndugu wa Hale, swali lako la mkopo ninalibeba, nitauliza na kukurudishia hapa.

Kwa wengine nina mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza: tumekuwa tukilinganisha Tanga na Korea, lakini hatujailinganisha na ndugu zake wa jani hili. Yucatán, huko Mexico, ulikotoka ukoo wa mkonge, matajiri wa katani walijenga makasri mjini Mérida, huku wakata majani wakifungwa mashambani kwa madeni. Soko lilipohamia kwetu na Brazil, utajiri ule ukazama. Brazil ndiyo inayoongoza leo, na mkonge wake unalimwa jimbo la Bahia, katika nyanda kame za kaskazini mashariki, eneo ambalo ni maskini kuliko São Paulo kwa tofauti kubwa. Nchi ziko tatu, wakoloni ni tofauti, sheria ni tofauti, hali ya hewa haifanani sana, na mkata majani ni maskini katika zote tatu. Sijui nifanye nini na ukweli huo. Unanifanya nishuku kwamba huenda tunauliza habari za kanda wakati tulipaswa kuuliza habari za zao na nafasi yake katika mnyororo.

La pili linaniuma kama mtafiti. Chotara wa mkonge namba 11648, mwenye majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, alizalishwa hapa kwetu, kwa kazi iliyoanzia kituo cha utafiti cha Amani na kuendelea kile cha Mlingano. Alipelekwa China katika miaka ya 1960, na ndiye aliyefunika mashamba yao ya mkonge. Kwa hiyo Mpare (#14), maarifa hayakukosekana kabisa, kwa sababu yalizaliwa kilomita chache kutoka hapo ulipo Mjukuu, yakaenda kuzaa kwingine.

#22 Mpare wa Same

Hilo la chotara sikulijua, na limeninyamazisha. Ila mzazi wa maarifa hayo alikuwa serikali ya kikoloni na mabwana mashamba. Mkulima wa ekari 8 wa wakati ule aliruhusiwa hata kuigusa ile miche?

#23 Fundi Korona

Mkonge wa mtu mdogo ulipandwa mpakani, kuzuia ng'ombe na wezi. Singa yake ilinunuliwa pale bei ilipokuwa juu tu. Miche ya utafiti ilikwenda mashamba makubwa.

#24 Bint Chumbageni

Tukiwa hapohapo kwenye swali la nini kilikosekana: hapa mjini palikuwa na kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972, malighafi zake nyingi zikiletwa kwa meli, na kikafungwa 1991. Bandari yenyewe ilikuwa na kina kidogo, meli zikitia nanga mbali, na mzigo ukishushwa kwa matishari, mpaka mradi ulioanza mwaka 2019 ulipokichimba kina kutoka mita 3 hadi 13. Miaka yote 19 ya uhai wake kiwanda kile kiliitegemea bandari hiyo. Nahodha atasema ni jiografia, Mwalimu atasema ni mrija wa mkoloni, Msomi atasema ni uamuzi mbaya wa serikali, na kila mmoja ataweza kuuonyesha kwa kidole mfuko uleule wa mbolea.

#25 Msomi wa Kange

Nitasema ni uamuzi, kwa sababu kina kingeweza kuchimbwa 1972. Hakuna mlima uliohamishwa mwaka 2019.

#26 Mwalimu Mstaafu wa Bombo

Kwa fedha zipi, kijana wangu, na kwa bei ipi ya mkonge? Turudi kwa Bint (#12).

#27 Mjukuu wa Manamba

Wazee wangu na ndugu zangu, ninawashukuru. Jana usiku nilimwomba baba afungue sanduku la babu. Kipande kimoja kimesalia, karatasi imekuwa ya kahawia, na alama 29 zinaonekana wazi. Alama ya siku ya 17 haipo. Mstari uko mtupu kabisa, haukukwaruzwa. Baba hajui sababu, na babu alifariki kabla sijafikiria kumuuliza.

Mzee Fundi, wewe uliwakuta wakongwe wa wakati huo. Siku isiyoandikwa ilimaanisha nini, na je, ililipwa?

#28 Fundi Korona

Haikulipwa. Ilikuwa lazima uifidie ndipo kipande kijae na upewe fedha yako. Huenda aliugua, huenda matita yake yalihesabiwa pungufu na mnyapara akakataa kuandika. Kama alama ya mwisho ina tarehe, iangalie vizuri ulinganishe na ya kwanza: utajua zilimchukua siku ngapi kuzipata hizo nyingine.

#29 Mjukuu wa Manamba

Nimeangalia. Zilimchukua siku 44.

#30 Mtafiti wa Mlingano

Mjukuu, kipige picha pande zote mbili kabla karatasi haijakatika zaidi. Kama kiwango cha ujira kimeandikwa nyuma, kitaje hapa, tukiweke kando ya bei ya tani moja ya singa ya mwaka huo.